Usimwambie "Acha Mawazo"



Katika lugha yetu neno "mawazo" lina maana mbili. Kuna mawazo ya kawaida, ya mtu anayepanga shamba lake au anayepiga hesabu ya duka. Lakini tukisema "fulani ana mawazo", kila mtu anaelewa kwamba hatusifu akili yake. Tunasema kwamba halali, chakula hakimpiti kooni, anakaa peke yake, na ukimsalimu anaitikia kama mtu aliye mbali. Waliotuachia msemo huo walikuwa wameona kwamba mtu anaweza kuugua kwa yale anayojiambia mwenyewe moyoni.

Tunachokitilia shaka ni dawa tunayompa mtu huyo. Tunamwambia, "Acha mawazo." Tunamwambia hivyo katika jumuiya, msibani, hata zahanati, kisha tunaondoka tukijiona tumemsaidia. Maoni yetu mwezi huu ni kwamba neno hilo halisaidii, na mara nyingi linaongeza mzigo. Yule asiyeweza kuyaacha sasa amepata wazo jingine jipya: kwamba hata kuacha mawazo kumemshinda.

Tuanze na jambo dogo lililotupata sisi wenyewe. Mmoja wetu alimsalimu mwenyekiti wa kwaya baada ya Misa ya kwanza. Mwenyekiti hakuitika, alipita tu mkono ukiwa shavuni. Mwenzetu akarudi nyumbani na maneno haya kichwani: "Amenichukia. Ni kwa sababu ya yale niliyosema kwenye kikao cha michango. Kwaya nzima wananisema. Heri nisiende tena mazoezini." Jumatatu kichwa kilimuuma. Jumanne aliwafokea watoto kwa ajili ya ndoo ya maji iliyomwagika. Alhamisi ndipo aliposikia kwamba mwenyekiti aling'olewa jino Jumamosi ile na mdomo wake ulikuwa umevimba. Siku nne za taabu kwa sababu ya jino la mtu mwingine!

Tulicheka sana, naye alicheka pamoja nasi. Lakini hebu tutazame kilichotokea. Tukio lilikuwa moja tu: mtu hakuitikia salamu. Mengine yote yalitengenezwa kichwani, tena kwa haraka, kabla mwenzetu hajafika hata kwenye geti la kanisa. Wazo la namna hii halibishi hodi na kusema, "Mimi ni wazo." Linaingia kama habari iliyokwisha kuthibitishwa, na mwili unaipokea hivyo hivyo: moyo unakwenda mbio, tumbo linakaza, usingizi unakatika saa nane za usiku.

Aliyelichunguza jambo hili kwa makini ni daktari Mmarekani aitwaye Aaron Beck, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100. Katika miaka ya 1960 alikuwa akiwatibu huko Philadelphia watu wenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Inasimuliwa kwamba mgonjwa wake mmoja, mwanamke, alikuwa akimweleza mambo ya maisha yake huku akionekana kufadhaika. Daktari alidhani ni kwa sababu ya mambo yenyewe anayoyasimulia. Kumbe muda wote alikuwa akijiambia chini chini, "Namchosha daktari huyu." Beck akaanza kuwauliza wagonjwa wake swali rahisi: hivi sasa, ni nini kimepita kichwani mwako? Akakuta kwamba chini ya mazungumzo yao kulikuwa na mkondo wa maneno mafupi mafupi, makali, ambayo wenyewe hawakuwa wamewahi kuyasikiliza vizuri, sembuse kuyapinga. Kutokana na hayo ilikua tiba ya mazungumzo ambayo leo hutumika katika nchi nyingi.

Maneno hayo mafupi yana alama zake, na kwa Kiswahili si vigumu kuyatambua. Sikilizeni maneno kama "siku zote", "kila mtu", "hakuna hata mmoja", "kila ninachogusa kinaharibika". Mengine yanajifanya kuona moyo wa mtu mwingine: "ananidharau", "ameshanichoka". Mengine yanatabiri: "huyu mtoto ataishia jela". Na yapo yanayochukua kosa moja na kulifanya jina la mtu. Mzee aliyesahau kulipa mchango hasemi "nimesahau", anasema "mimi ni mtu wa bure".

Hapa wazazi tunaomba tuvumiliane kidogo, maana majina hayo watoto huyapata kwetu. Mtoto anayeambiwa kila jioni kwamba hana akili ya hesabu atajiambia hivyo hivyo ndani ya chumba cha mtihani, wakati sisi hatupo.

Basi, baada ya kulitambua wazo, tufanye nini? Tulifanye kama linavyofanywa shauri mbele ya wazee. Mtu akija barazani na kumshtaki jirani yake, wazee hawatoi hukumu papo hapo. Wanauliza: umeona kwa macho yako au umesikia? Shahidi wako ni nani? Lakini mawazo yetu wenyewe tunayaruhusu yashtaki, yatoe ushahidi na kuhukumu, yote kwa usiku mmoja.

Tumfikirie mama ambaye matokeo ya kidato cha nne yametoka na kijana wake amepata daraja la nne. Kwa wiki mbili mama huyu hatoki nje. Bibi mmoja wa jumuiya yake anakwenda kumtembelea, na badala ya kumwambia aache mawazo, anamwuliza anawaza nini.

"Watu wote wananicheka, bibi."

"Wote nani, mwanangu? Nitajie."

Kimya kidogo. "Mama wa dukani."

"Na nani mwingine?"

"Niliyemsikia ni huyo."

"Basi aliyekucheka ni mmoja, na huyo hucheka kila mtu. Jambo jingine?"

"Mtoto amekwisha. Milango yote imefungwa."

"Umekwenda kuuliza wapi ukaambiwa imefungwa?"

"Sijakwenda popote."

"Haya, keshokutwa nitakusindikiza chuo cha ufundi tukaulize. Jingine?"

"Nimeshindwa kumlea."

Hapo bibi hakimbilii kumbembeleza. Anamwuliza: huyo kijana anaiba? Haibi. Anakunywa pombe? Hapana. Nani anayemwogesha babu yake mgonjwa? Ni yeye. Na je, ni kweli kwamba alipokuwa kidato cha tatu alitoroka shule kwenda kubeba mizigo stendi? Ni kweli. Ukajua? Nilijua nikanyamaza. "Hilo basi ni kosa," anasema bibi, "na kosa lina ukubwa wake. Tuliache hapo lilipo, tusiliite malezi yote."

Bibi hakusema kwamba daraja la nne ni jambo zuri, wala kwamba ada ya chuo itashuka kutoka mbinguni. Kati ya mambo yaliyokuwa yakimlemea mama, moja halikuwa kweli, jingine lilikuwa halijaulizwa, la tatu lilikuwa na ukweli kiasi. Na lile lililobaki, yaani fedha za ada na nauli, lilikuwa shida ya kweli inayohitaji mpango. Ukilichanganya na yale mengine huwezi kulipangia lolote, kwa sababu huwezi hata kuliona.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaouza siku hizi kile wanachokiita fikra chanya. Utawasikia kwenye redio na kwenye simu wakihimiza kila mtu ajisimamie mbele ya kioo aseme kwamba yeye ni mshindi na ni tajiri. Mtu ambaye mahindi yake yamekauka shambani akisema hivyo, moyo wake mwenyewe utamcheka. Kupima wazo ni kutafuta ukweli, na ukweli wakati mwingine ni mchungu. Hata hivyo, kwa kawaida ni mdogo kuliko kile kilichotutisha usiku.

Kwa asiye na bibi wa namna hiyo karibu, daftari la shule linatosha. Andika upande mmoja lililotokea, kama ambavyo shahidi angeliona kutoka nje. Upande wa pili andika ulilojiambia. Kisha jiulize ungemwambia nini dada yako kama angekuja kwako na maneno hayo hayo. Wengi wetu ni wapole kwa dada zetu na wakatili kwa nafsi zetu. Tena, penye kuulizika, nenda ukaulize. Mwenzetu wa kwaya angeuliza Jumapili ile ile, angejua habari za jino.

Kwamba bibi anaweza kufanya kazi hii si jambo la kutunga. Nchini Zimbabwe Washona wana neno "kufungisisa", maana yake kufikiri kupita kiasi, ndugu kabisa wa "mawazo" yetu. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na mabibi 14 huko Mbare, katika jiji la Harare. Nchi ilikuwa na madaktari wa fani yake wachache mno. Mabibi walifundishwa kuketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kuchagua shida moja ya kushughulikia kwanza. Hatua ya kwanza waliiita kwa Kishona "kuvhura pfungwa", yaani kufungua akili. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016, baada ya kuwafuatilia wagonjwa 573 katika zahanati 24 za Harare, yalionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopitia benchini walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika pia Malawi na Zanzibar. Parokia zetu zina mabenchi, na mabibi hatujapungukiwa.

Tunajua wapo watakaosema kwamba mwenye mawazo amepungukiwa imani. Tunawaomba wamkumbuke Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwaka 1522, akiwa Manresa huko Hispania, aliteswa na wazo kwamba dhambi alizokwisha kuungama hakuziungama sawasawa. Aliungama tena na tena bila kupata amani, hata akashawishika kujitupa katika shimo lililokuwamo chumbani mwake. Je, naye hakuwa na imani? Alipopona aliandika katika Mazoezi yake ya Kiroho kwamba wakati wa ukiwa wa moyo mtu asibadili uamuzi alioufanya wakati wa utulivu. Sisi tungeongeza kwa lugha ya hapa kwetu: usiuze ng'ombe usiku. Usiandike barua ya kuacha kazi, usimtoe mtoto shule, usimrudishe mke kwao katika wiki ambayo hujalala. Ngoja.

Sala inampa mtu nguvu, na hatuna nia ya kumwondoa yeyote kanisani. Tunachoomba ni kwamba "mwachie Mungu" lisiwe neno la kumfungia mtu mdomo kabla hajamaliza kusema.

Yapo pia mawazo ambayo daftari na bibi hayatoshi kuyatibu. Huzuni ikizidi wiki mbili bila kupungua, mtu asipolala, asipokula, asipoweza kuamka kwenda shamba, au mama aliyejifungua asipotaka kumwona mtoto wake, apelekwe hospitali. Vivyo hivyo kichwa kinachouma kila siku na presha visisingiziwe mawazo tu bila kupimwa. Na mtu akisema kwamba heri afe, msimkemee wala msimwambie anatafuta huruma. Mwulizeni waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo, humpa nafasi ya kulitamka. Msimwache peke yake, mwondoeni karibu na dawa za kuulia wadudu na kamba, na mfuatane naye hospitali siku hiyo hiyo. Madaktari wana dawa za sonona, na zinahitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, kwa hiyo zisiachwe siku ya tano kwa sababu "hazijafanya kitu". Ule mzaha wa kusema "huyo wa Mirembe", tukiitaja hospitali ya Dodoma kama tusi, umewafanya wengi waogope kwenda kutibiwa. Tungeuacha.

Kuhusu mwenzetu wa kwaya, amerudi mazoezini. Mwenyekiti alipoambiwa habari yote alishangaa, akasema kwamba Jumapili ile na yeye alirudi nyumbani na mawazo, akidhani waumini wamemwona ana majivuno kwa kutoitikia salamu zao.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutajibu barua zenu kuhusu kukosa usingizi kwa wazee.