Mwanga Nao Husema

Ndugu zangu walimu wa fizikia, nanyi mafundi redio, leo nina neno nanyi. Wengine nao wasikilize, maana taa iko kila nyumba.

Mwaka 1880, Marconi wa redio angali mtoto mdogo, Alexander Graham Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walipeleka sauti ya binadamu kwa mwanga wa jua. Tainter alipanda juu ya paa la shule ya Franklin mjini Washington, akasema mbele ya kioo chembamba kilichotikisika kwa sauti yake. Mwanga uliopiga kioo ukatikisika nao, ukasafiri mita 213 hadi kwenye maabara ya Bell, ukaangukia kipokeo cha seleniamu, na Bell akasikia. Mtu huyu tunayemjua kwa simu alikiona chombo hiki kuwa kikubwa kuliko simu yenyewe! Lakini hakikufua dafu: wingu likipita, mazungumzo yamekwisha.

Tangu hapo kilichobadilika hasa ni taa. Balbu ya uzi haifai kwa kazi hii, kwani uzi ukishapata moto haupoi upesi. LED ni nyingine kabisa. Huweza kuwaka na kufifia mara mamilioni kwa sekunde, jicho lisijue lolote, na kijidude kiitwacho fotodayodi kikausoma mpepeso ule kama maneno, picha au hesabu. Mwaka 2011 Profesa Harald Haas wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alipanda jukwaani na taa ya mezani, akaonyesha video iliyokuwa ikishuka ndani ya mwanga wake. Alipoziba mwanga kwa mkono, video ikasimama. Yeye ndiye aliyeupa ufundi huu jina la Li-Fi.

Hapo ndipo wapiga chuku walipopata kazi. Tuliambiwa Wi-Fi imekwisha na minara itang'olewa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Simu ukiitia mfukoni, mwanga hauifikii. Taa yenyewe haizui habari kutoka hewani, lazima ifikiwe na waya wa intaneti. Na simu nayo yahitaji mwanga wake wa kujibia. Hata kiwango cha kimataifa cha Li-Fi kilichopitishwa mwaka 2023, yaani 802.11bb, kimechagua infraredi, mwanga usioonekana kwa macho.

Basi ni kitu bure? La hasha. Ukuta unaouzuia mwanga ndio huohuo unaotunza siri: jirani hawezi kudokoa maneno yako akiwa chumba cha pili, na katika jengo moja kila chumba hutumia mwanga wake bila kugombana na cha jirani. Baharini mawimbi ya redio hufa upesi katika maji ya chumvi, ila mwanga wa bluu na kijani hupenya mbali zaidi, ndiyo maana wanaotengeneza mitambo ya kuzamia huutaka. Na mwaka 2021 kulikuwa na kazi iliyotuhusu zaidi sisi Waafrika. Mradi wa Taara, wakati huo wa kampuni inayoimiliki Google, ulivusha intaneti juu ya Mto Kongo kutoka Brazzaville hadi Kinshasa kwa miale ya leza isiyoonekana, umbali wa karibu kilomita 5. Miji hiyo miwili hutazamana, ila waya wa kuiunganisha ulilazimika kuzunguka zaidi ya kilomita 400. Leza si LED, nakubali, lakini elimu ni ileile ya Bell juu ya paa.

Sasa neno langu. Elimu hii msiiache ije kwetu ndani ya boksi lenye kibandiko cha bei, nasi tuwe wa kubonyeza tu. Vifaa vyake vimejaa katika makopo ya kila fundi. Chukueni LED moja inayowashwa kwa betri kupitia rezista, kisha juu ya umeme huo ongezeni mawimbi ya sauti kutoka kwenye tundu la spika za masikioni la redio, kwa kupitia kapasita. Upande wa pili wekeni kipande cha sola kilichotolewa kwenye taa mbovu, waya zake zikaingia kwenye amplifaya yenye spika. Elekezeni LED kwenye sola, wimbo utasikika. Pitisheni kitabu katikati, utanyamaza. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake hatahitaji kukaririshwa maana ya wimbi.

Mwalimu anayelalamika kwamba shule yake haina maabara na aende kwa fundi wa mtaani kabla muhula haujaisha. Na fundi asimdai pesa kwa LED moja. Fanyeni jaribio hilo Jumamosi hii, jioni, jua likishapungua nguvu, na mtumie betri tu: umeme wa ukutani msiuguse.