Jeli "Isiyoganda" na Mtihani wa Istilahi

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na siasa tu, na kwamba sayansi ya kisasa hakiiwezi. Wapo pia watetezi wake wanaokimbilia kubuni istilahi kabla ya kukielewa kinachopewa jina. Kwa maoni yangu, makundi yote mawili yamepotoka, na jeli-maji ni ushahidi tosha.

Jeli-maji ni wavu wa minyororo ya polima ulionasa maji mengi. Mwaka 1960, Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walieleza matumizi yake katika tiba, na kutokana na kazi hiyo zikazaliwa lenzi laini za macho. Leo watafiti wanaitumia kuundia vihisio vya kubandikwa ngozini na betri zinazokunjika. Adui wake ni baridi. Halijoto ikishuka vya kutosha chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, maji yaliyomo hugeuka barafu, nayo jeli hukakamaa, huvunjika upesi na hushindwa kupitisha umeme vyema.

Dawa yake ni kutia gliseroli au chumvi kama kloridi ya kalsiamu. Viambato hivi hushikana na molekuli za maji, zikashindwa kujipanga kuwa fuwele za barafu. Myeyusho wa kloridi ya kalsiamu wenye kiwango kifaacho hubaki majimaji hadi karibu nyuzi 50 chini ya sifuri. Hata hivyo, dawa hii ina gharama: gliseroli nyingi hupunguza mwendo wa ioni, ilhali baadhi ya chumvi zikizidi huusinyaza wavu wenyewe.

Je, tuiiteje jeli hii? Wengi watasema "jeli isiyoganda". Lakini maziwa huganda, damu huganda na maji huganda. Jeli yenyewe ni kitu kilichokwisha kuganda! Jina hilo linajipinga. Anayefahamu kwamba kinachozuiwa ni fuwele za barafu atapendekeza "jeli-maji kinzabarafu", naye ataeleweka mara moja.

Wanafunzi wenzangu, Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya, lakini Katiba haiandiki vitabu vya kemia. Kazi hiyo ni yetu, bega kwa bega na wanakemia, tena ianzie maabarani kabla ya kufika kamusini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.