Mwalimu wa Usiku

Mtakatifu Yeronimo, aliyekwisha kusifiwa kwa elimu yake, alipokaa Betlehemu alijitafutia mwalimu wa Kiebrania, Myahudi aitwaye Baraninas. Huyo alikuja usiku tu, kwa kuwaogopa Wayahudi wenzake, mfano wa Nikodemo; na malipo yake hayakuwa madogo. Rufino, rafiki wa zamani, alimdhihaki mwalimu huyo akimwita Baraba. Yeronimo hakuona haya kumtetea.

Sisi je? Katika jumuiya zetu wamo ndugu waliokimbia vita. Tumesali nao mwaka mzima, wala hatujui kuwasalimu kwa lugha yao. Twasema tu: na wajifunze Kiswahili! Twaona heri chama kiwaombe watufundishe, nasi tuwalipe kama walimu, si kama maskini wa kupewa sadaka. Jioni, baada ya rozari, nafasi ipo.