Mvi Si Hoja

Aghalabu tumezoea kumpima mtu mzima kwa ndevu zake, kwa mke aliyemposa na kwa nyumba aliyoijenga. Nami, ijapokuwa sidharau hata kimoja katika hayo, nakiri kwamba mizani yangu iligeuka Aprili 2020, pale mto Mulongwe ulipofurika na kuutia mji wetu wa Uvira msibani, mtaa wa Kasenga ukiwamo. Walikuwako wenye mvi walioketi wakimlaumu kila mtu (na lawama nyingine, sikatai, zilikuwa za haki). Lakini kijana mmoja, hata masomo hajayamaliza, alitwaa beleshi akaanza kuzoa tope chumbani mwa bibi kizee ambaye jamaa za kijana huyo walikuwa wakigombana naye juu ya mpaka wa ua, kisha ndipo akarudi kwao, matope yamemfika magotini. Hakuombwa.

Ukomavu, kwa dhana yangu, ni huko kuizuia nafsi isidai haki yake kwanza. Nao hauletwi na miaka, bali na mazoea madogo: kukiri kosa mbele ya mdogo wako, kulipa deni la ndagala kabla ya kudaiwa. Wazazi wa Kasenga, wapeni wana wenu amana za kutunza wangali wadogo.