Picha ya Ua la Jangwani: Pambo au Ushahidi?

Kila mwaka, kuanzia mwezi Februari hadi mwanzoni mwa Aprili, wapiga picha wengi huelekeza kamera zao kwenye majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani. Ikiwa mvua za majira ya baridi zilinyesha vema, ardhi ambayo mwaka uliopita ilikuwa kokoto na mchanga mtupu hufunikwa na maua ya manjano, ya zambarau na meupe, na wadudu, ndege na wanyama huja kula karamu hiyo fupi. Picha za tukio hilo husambaa duniani kote na watu huzitazama kwa furaha.

Furaha hiyo ni halali, wala sikusudii kuipinga. Lakini kwa mwanasayansi liko swali la kuuliza: picha hizo zinatufundisha nini juu ya jangwa? Maoni yangu ni kwamba picha ya ua la jangwani, hata iwe nzuri namna gani, ni nusu ya habari mpaka tuelezwe ilipigwa wapi, tarehe gani, na mwaka huo ulikuwa mwaka wa namna gani. Aidha, picha yenye manufaa makubwa zaidi kwa sayansi aghalabu ni ile ambayo mpiga picha hapendi kuipiga, yaani picha ya ardhi tupu.

Mbegu zinazosubiri

Tuanze na mimea yenyewe. Bonde la Death Valley, huko California, hupata wastani wa mvua ya milimita 50 hivi kwa mwaka, ilhali Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000. Katika hali kama hiyo mmea wa msimu mmoja hauwezi kuota ovyo. Ukiota kwa manyunyu ya siku moja, utakauka kabla ya kuzaa mbegu, na ukoo wake utakatika.

Katika miaka ya 1940 Frits Went, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi California, alichukua udongo wa jangwani wenye mbegu na kuulowesha kwa njia mbili. Udongo ulionyeshewa maji kutoka juu kwa kiasi cha kutosha, yaani kiasi cha mvua ya milimita 10 hadi 15 au zaidi, uliotesha mimea. Udongo ulioloweshwa kutoka chini haukuotesha, ijapokuwa ulikuwa na maji tele. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba mbegu hizo zina kemikali zinazozuia kuota, na kemikali hizo huondolewa na mvua ya kutosha tu. Kwa maneno mengine, mbegu ya jangwani hupima mvua.

Isitoshe, hata mvua nzuri ikinyesha, mbegu zote hazioti kwa pamoja. Baadhi hubaki udongoni zikingojea mwaka mwingine. Mkulima yeyote wa sehemu kavu anaifahamu hekima hii, kwani hapandi mbegu zake zote kwa mvua ya kwanza. Huweka akiba, maana hajui kama mvua ya pili itafuata. Mwaka 1966 mtaalamu Dan Cohen alionyesha kwa hesabu kwamba palipo na mvua zisizotabirika, mmea unaoweka akiba ya mbegu huendelea kuwapo kwa vizazi vingi kuliko ule unaotumia zote.

Kutokana na hayo, maua mengi ya jangwani ni tukio la nadra. Huko Death Valley miaka iliyosifika sana kwa maua ni 1998, 2005 na 2016. Mtu anayelijua bonde lile kwa picha za miaka hiyo mitatu peke yake hulijua kama mgeni amjuavyo mwenyeji kwa siku ya harusi yake.

Yanayoachwa nje ya picha

Upungufu wa pili unatokana na kamera yenyewe. Kupiga picha ni kuchagua, na kila uchaguzi huacha kitu nje.

Nilipokuwa masomoni Arizona nilipata nafasi ya kwenda mara kadhaa katika hifadhi ya Anza-Borrego, kusini mwa California, ambayo ilipata maua mengi sana mwaka 2017 na tena 2019. Hapo hustawi ua kubwa jeupe la mchangani liitwalo kisayansi Oenothera deltoides. Ua hili hufunguka jioni na kunyauka siku inayofuata jua likipanda. Mpiga picha anayefika saa sita mchana hukuta kitambaa kilichokunjamana. Anayefika alfajiri, upepo ukiwa bado umetulia na mwanga ukiwa laini, hupata picha safi. Lakini hata huyu wa alfajiri amechelewa kumwona mgeni mkuu wa ua hilo, yaani nondo mkubwa Hyles lineata, ambaye huja gizani kufyonza mbochi na kubeba chavua.

Nondo huyo huyo huzaa viwavi ambao hula majani ya mimea ya msimu. Katika miaka ya mvua viwavi huwa wengi kupindukia, na mpiga picha huwaona kama waharibifu wa mandhari. Lakini wakati huo ndipo vipanga wa Swainson, ambao hukaa Argentina wakati wa baridi ya kaskazini, hupita katika bonde la Borrego wakirejea kwao, na viwavi hao huwa chakula chao cha safari. Watu wa kujitolea hukaa bondeni humo kila majira ya machipuko kuwahesabu. Basi ua, nondo, kiwavi na kipanga ni habari moja. Anayepiga picha ya ua lisilo na jani lililotafunwa ameikata habari hiyo katikati.

Lipo pia jambo baya linaloachwa nje. Mmea mmoja wa jamii ya haradali, Brassica tournefortii, ambao asili yake ni Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, umeenea katika majangwa ya California. Inadhaniwa uliletwa huko pamoja na michikichi ya tende mwanzoni mwa karne ya ishirini. Huota mapema, hutandaza majani mapana yanayoifunika mimea midogo ya asili, na kila mmea huweza kutoa maelfu ya mbegu. Mpiga picha, akiwa anatafuta uzuri, husogeza kamera kidogo ili gugu hilo lisionekane. Kwa hiyo umma huoneshwa jangwa lenye afya mahali ambapo maua ya asili yanasongwa. Picha hiyo haikughushiwa, lakini imeficha ugonjwa.

Nyayo za mpiga picha

Baya zaidi ni pale picha inapodhuru kile inachokisifu. Mwezi Machi 2019 makumi ya maelfu ya watu walimiminika Walker Canyon, karibu na mji wa Lake Elsinore, kupiga picha za maua ya popi katika vilima vya nchi kavu ya kusini mwa California. Barabara zilizibwa na magari. Wengine walilala juu ya maua ili wapigwe picha. Wakuu wa mji walilazimika kufunga njia kwa muda, na maua yalipokaribia tena mwaka 2023 eneo hilo lilifungwa kabisa kwa watazamaji.

Wapo wanaosema kwamba ua lililokanyagwa ni jambo dogo, kwa kuwa lingekauka hata hivyo baada ya wiki chache. Hoja hii si sahihi. Ua lililokanyagwa kabla ya kukomaza mbegu ni akiba iliyoibwa. Huenda ndiyo mbegu iliyokusudiwa kuota mwaka wa kumi kutoka sasa. Zaidi ya hayo, juu ya udongo wa majangwa mengi pana ukoko mwembamba uliofumwa na bakteria wa kijani-buluu, kuvumwani na kuvu. Ukoko huo huushika udongo usipeperushwe na upepo, na huongeza naitrojeni ardhini. Ukivunjwa kwa kiatu kimoja, kupona kwake huweza kuchukua miaka mingi, pengine makumi ya miaka. Na kwa wanyama, kondoo-mwitu wa jangwani aliyefukuzwa kwenye kisima na mtu mwenye lenzi fupi amepoteza maji kwa ajili ya picha ambayo lenzi ndefu ingeipata kutoka mbali.

Wapiga picha wana jibu lenye uzito, nami nalikubali kwa sehemu. Husema kwamba watu hawatetei wasichokipenda, wala hawapendi wasichokiona. Kwamba bila picha, walio wengi wangeamini kuwa jangwa ni mahali pa kutupa taka au kujaribia mabomu. Ni kweli. Lakini upendo unaojengwa juu ya siku ya harusi peke yake hauvumilii siku za njaa, na jangwa huwa katika siku za njaa miaka mingi zaidi.

Picha ya mwaka mkavu

Mfano wa matumizi bora ya kamera upo. Katika mji wa Tucson, Arizona, kwenye kilima cha Tumamoc, pana maabara ya jangwa iliyoanzishwa mwaka 1903. Wataalamu James Rodney Hastings na Raymond Turner walikusanya picha za zamani za eneo hilo, wakasimama palepale aliposimama mpiga picha wa kwanza, wakapiga tena. Kitabu chao, The Changing Mile, kilichotoka 1965, kilionyesha wazi jinsi uoto ulivyobadilika. Miongoni mwa picha zile mna nyingi zisizo na uzuri wowote: vilima, vichaka na mawe. Thamani yake ni kwamba zinaweza kulinganishwa.

Kazi hiyo ilifika hata kwetu Afrika ya Mashariki. Turner, akishirikiana na H. Awala Ochung' na Jeanne Turner, alitumia njia hiyo hiyo nchini Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1998. Picha zilizopigwa zamani kwa madhumuni mengine kabisa ziligeuka kuwa ushahidi wa mabadiliko ya ardhi ya Kenya, kwa sababu mahali zilipopigwa paliweza kutambulika.

Huko huko Tumamoc, tangu mwaka 1982, Lawrence Venable na wenzake wamehesabu mimea ya msimu mwaka baada ya mwaka, iwe mvua nyingi au ukame. Mwaka 2010 watafiti hao walitoa matokeo ya kushangaza: ingawa eneo hilo limezidi kuwa la joto, mimea inayopenda baridi ndiyo iliyoongezeka. Sababu ni kwamba mvua za kuotesha mbegu zimechelewa, na sasa huangukia siku za baridi zaidi. Jambo hilo lisingegunduliwa kamwe na mtu anayekwenda jangwani mwaka wa maua peke yake.

Kwa hiyo nina ushauri kwa yeyote anayekwenda na kamera au simu katika nchi kavu, iwe California au kwetu. Kwanza, abaki njiani, na ukoko wa udongo usiguswe. Pili, kila picha ya karibu ifuatwe na picha ya eneo zima, pamoja na magugu yake. Tatu, aandike tarehe, mahali na uelekeo wa kamera; lakini kwa mimea adimu inayoweza kuibwa, mahali pasitangazwe, kama tovuti ya iNaturalist inavyoficha mahali pa viumbe vilivyo hatarini. Nne, na hili ndilo kubwa, arudi mahali palepale mwaka ambao hakuna ua hata moja, apige picha ile ile.

Vyuo na shule zetu zilizo katika sehemu kavu zinaweza kuianza kazi hii bila fedha za wafadhili. Kinachohitajika ni jiwe moja la alama, daftari, simu moja ya mkononi na mwalimu atakayehakikisha kwamba picha inapigwa kila mwaka tarehe ile ile. Wanafunzi watakaozitazama picha hizo miaka 30 ijayo watakuwa na ushahidi ambao sisi leo hatunao.