Wizi wa tarakilishi si hasara ya mashine pekee

Miaka mingi iliyopita, wezi walivunja dirisha la ofisi katika shule ya upili nilikokuwa nikifunza, wakatoweka na vipakatalishi viwili. Asubuhi yake tuliitwa mkutanoni. Ilijadiliwa bei ya mashine hizo, akalaumiwa bawabu wa zamu, ikateuliwa kamati ya kutafuta fedha za kununua nyingine. Hakuna aliyeuliza, nami nikiwemo, ndani yake mlikuwa na nini. Ilhali mlikuwamo nambari za vyeti vya kuzaliwa vya wanafunzi, nambari za vitambulisho na simu za wazazi, orodha ya wadaiwa wa karo, na maandishi ya mwalimu wa ushauri nasaha kuhusu wasichana watatu ambao siri zao hazikustahili kutoka chumbani mle.

Yamkini msomaji atasema kwamba tarakilishi zile zilikuwa na nywila. Naam, zilikuwa nazo. Hapa ndipo penye kosa tunalolifanya wengi wetu, walimu kwa wanafunzi. Nywila ya kuingilia hulinda mlango tu. Mwizi mwenye bisibisi huichomoa diski, akaiunganisha na tarakilishi nyingine, na faili zote zikasomeka kama daftari lililoachwa wazi mezani. Usimbaji fiche ni jambo jingine kabisa. Huo huyageuza yale yaliyoandikwa diskini yasisomeke pasipo ufunguo, hata diski ikihamishiwa wapi.

Itakumbukwa kwamba mnamo Mei 2006, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, nyumba ya mfanyakazi mmoja wa idara ya wanajeshi wastaafu ilivunjwa. Kipakatalishi na diski ya nje viliibwa, navyo vilibeba majina, tarehe za kuzaliwa na nambari za bima ya jamii za watu wapatao milioni 26.5, bila kusimbwa. Vifaa hivyo vilipatikana mwezi uliofuata, na wachunguzi wakasema data haikuguswa. Hata hivyo, mwaka 2009 serikali ilikubali kulipa dola milioni 20 ili kumaliza kesi iliyowasilishwa kwa sababu ya wizi huo.

Wala si lazima pawe na mwizi. Mwaka 2003, Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT walitangaza matokeo ya kununua diski 158 zilizokwisha tumika. Kati ya 129 zilizofanya kazi, ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Nyingine zilikuwa na barua za watu na maelfu ya nambari za kadi za mkopo. Nasi hapa kwetu shule huuza tarakilishi zake kuukuu kwa fundi yeyote atakayefika bei.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayehifadhi habari za watu amwarifu Kamishna wa Data kwa muda wa saa 72 habari hizo zinapoangukia mikononi mwa wasiostahili na kuwatia wahusika hatarini. Sheria hiyo hiyo huutaja usimbaji miongoni mwa kinga. Gharama si kisingizio: FileVault huja na tarakilishi za Apple, LUKS hupatikana bure kwa watumiaji wa Linux, na BitLocker imo katika matoleo ya Windows yaliyokusudiwa ofisi. Tahadhari ni moja, nayo ni kubwa. Ufunguo wa akiba, ambao kwa BitLocker una tarakimu 48, ukipotea pamoja na nywila, faili nazo zimekwenda. Uchapishwe, ufungiwe kabatini mbali na mashine. (Nimeuona umebandikwa kwa gundi mgongoni mwa kipakatalishi chenyewe!)

Siku zile za wizi wetu sheria haikuwapo. Mashine mpya zilinunuliwa muhula uliofuata, na dirisha likatiwa vyuma. Hadi nilipohama shule hiyo, wale wasichana watatu na wazazi wao hawakuwa wameambiwa lolote.