Kitanda Kiko Juu

Ndugu msomaji, hebu nieleze: mwanamke kiwete akipata mimba, kosa ni la nani? Kwetu bonde la Kilombero swali liko tayari midomoni. "Nani kakufanyia haya, dada?" Wakiuliza sokoni Ifakara nitasamehe, soko ni soko. Lakini anauliza na mwenye sare nyeupe!

Nasema nililolisikia. Baiskeli ya magurudumu matatu ya dada yangu naisukuma mimi. Masika tope linameza gurudumu. Tunafika kliniki, kituo sikitaji, wenzake wamekwisha kuhudumiwa. Mizani ni ya kusimama, naye hasimami. Basi kwenye kadi nafasi ya uzito ikaachwa wazi, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kitanda cha kupimia kinamfika kidevuni. Nesi akanitazama mimi, si yeye: "Mbebe basi." Nikambeba mbele ya foleni nzima, mimi mdogo wake wa kiume, khanga imempanda magotini. Mwenye dada anaijua aibu ile.

Halafu eti walemavu wanapenda kuzalia nyumbani! Wasipende kwa nini? Nyumbani mkeka uko chini na hakuna wa kumhoji.

Lakini nyumbani si salama, jamani. Mwenye nyonga iliyopinda ndiye hasa wa kuonwa mapema, maana njia ya mtoto yaweza kuwa finyu akahitaji upasuaji. Damu ikimtoka huko kwenye madungu ya mpunga, maji yametanda, nani atamfikia? Daraja la mto Kilombero lilizinduliwa 2018, tunashukuru, ila daraja halishushi kitanda.

Na tusiambiwe hakuna sheria. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake 2010. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mama achague mwenyewe mkao wa kujifungulia. Bibi zetu walichuchumaa, wakapiga magoti, wakazaa. Urefu wa kitanda si amri ya Mungu; ni chuma tu, na chuma hukatwa.

Nimemuuliza fundi wa kuchomelea jirani yetu. Kasema ni kazi ya nusu siku, aletewe kitanda.